Gemu ya kubuni ya kisayansi ya kucheza peke yako: ipi ununue kwanza

Bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama. Gemu ya GB 100 ukiishusha kwa bando la simu, bando linaweza kula pesa kuliko gemu yenyewe, na kama mashine haiiwezi umepoteza vyote viwili. Ndiyo maana tumezipanga hizi tano kwa kuangalia pia ukubwa wa faili, mashine inayohitajika, na kama utaweza kuiuza ukishaimaliza.

1. Horizon Zero Dawn: Complete Edition, diski ya PlayStation 4 (PS4)

Guerrilla ya Uholanzi iliitoa mwaka 2017 na bado ndiyo ya kuanzia. Unacheza kama Aloy, mwindaji wa zama ambazo miji ya kale imebaki magofu na mashine zenye maumbo ya wanyama zinazurura porini. Utamu wote uko kwenye kulenga, kwa sababu kila mashine ina viungo vinavyong'oka. Grazer, mojawapo ya mashine hizo, anabeba mitungi ya mafuta upande wa nyuma: mpige hapo kwa mshale wa moto, mtungi utalipuka na kuwachoma wenzake walio karibu. Thunderjaw, aliye mkubwa kama basi, usianze kumpiga mwilini. Ng'oa kwanza mitambo ya kurushia visahani iliyo mgongoni kwa mishale ya Tearblast, ambayo kazi yake ni kung'oa viungo, kisha uiokote umpige nayo mwenyewe. Mishale hiyo inapigwa na upinde wa Carja Sharpshot, hivyo usimalize vipande vyako vya chuma kwenye mavazi mapema. Wanaolalamika kwamba maadui hawafi, mara nyingi wanapiga palipofunikwa na bati.

Hakikisha boksi limeandikwa Complete Edition, maana ndilo lenye nyongeza ya The Frozen Wilds. Ukichukua la kawaida kisha ukanunua nyongeza mtandaoni, akaunti yako isipokuwa ya eneo moja na diski, hizo mbili hazitasomana.

Diski ya mkononi ikague kabla ya kutoa hela. Mikwaruzo myepesi inayotoka katikati kwenda ukingoni kwa kawaida haina neno. Inayofuata mzunguko wa diski ndiyo mbaya. PS4 hunakili gemu kutoka kwenye diski kwenda kwenye hifadhi yake ya ndani, na menyu inaweza kufunguka kabla kazi hiyo haijaisha. Hapo ndipo wengi wanapoponzwa: wanaona picha, wanalipa, nyumbani kunakili kunagota katikati. Subiri hadi mwisho.

Kwenye kompyuta ni habari nyingine. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, sasa inauza Remastered ya 2024, yaani toleo lililoboreshwa, ambayo inataka GB 135 za SSD (hifadhi ya kasi) na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16. Kwa kompyuta ya kawaida, nenda moja kwa moja namba mbili.

2. Control: Ultimate Edition

Ya Remedy wa Finland. Ya awali ilitoka 2019, na Ultimate Edition yenye nyongeza zake mbili ikafuata 2020. Jesse Faden anaingia katika jengo la idara ya siri ya serikali ya Marekani ambalo kuta zake hujipanga upya, na anajifunza kurusha vitu kwa nguvu za akili. Uwezo huo, Launch, ndio wa kuwekea pointi za mwanzo kabla ya kingine chochote, pamoja na Energy, yaani nishati ya kuutumia. Risasi hujirudisha zenyewe lakini afya hairudi. Unaiokota pale adui alipoangukia, kwa hiyo anayejificha nyuma ya nguzo kama kwenye gemu za vita hufa haraka kuliko anayesonga mbele.

Ramani yake ni mbovu, tuseme ukweli: inabebanisha ghorofa moja juu ya nyingine. Fuata mabango ya ukutani, yameandikwa kweli. Ukishindwa kabisa na bosi, yaani adui mkuu, kwenye mipangilio kuna Assist Mode inayopunguza maumivu, hata kukufanya usife.

Angalia toleo. Mwenye PS5 akinunua Control ya kawaida ya PS4 hapati toleo la PS5 bure. Linakuja na Ultimate pekee. Kwenye PS4 ya mwanzo picha hukwamakwama, hasa ukitoka kwenye menyu. Kompyuta inataka GB 42, RAM GB 8 na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 780 kwa uchache.

3. Stray

GB 10 tu kwenye kompyuta, na kadi ya picha ya GTX 650 Ti inaiendesha. Wewe ni paka katika jiji la maroboti lililofungiwa chini ya ardhi. Hakuna bunduki za maana, na mtu asiyeremba mambo anaimaliza kwa saa 5 au 6. Bei kamili ni kubwa kwa muda huo, ingoja ofa.

4. Star Wars Jedi: Fallen Order

Mapigano ya panga yanayodai kukinga kwa wakati sahihi. Ukipumzika kwenye kituo cha kutafakari unapona, lakini maadui wote wanarudi. Hakuna usafiri wa mkato, kurudi kwenye chombo chako cha angani ni kwa miguu, na hili huchosha. Ugumu unaweza kuubadilisha wakati wowote. Inataka GB 55, na hata ukiinunua Steam itakudai programu ya EA, basi fungua akaunti hiyo ukiwa na intaneti nzuri. Mwendelezo wake, Survivor, unakula GB 155 kwenye kompyuta. Bila faiba, achana nao.

5. Alien: Isolation

Ya mwaka 2014, na ndiyo ya mwenye kompyuta kuukuu: RAM GB 4, nafasi GB 35. Ipo pia kwenye Android, ila angalia kama simu yako imo kwenye orodha ya zinazokubalika. Iko mwisho kwa sababu ni ya kutisha kweli na wengi huiacha njiani. Kusevu ni kwenye vituo maalumu, na muda haukusubiri: kiumbe anayekuwinda anaweza kukuchoma mgongoni kadi ya kusevia ikiwa bado inasoma.

Kulipa na kurudishiwa

Steam hurudisha pesa ndani ya siku 14 kama hujacheza kufikia saa 2. Saa hizo zinahesabu pia muda ulioupoteza kwenye menyu na mipangilio, basi ingia moja kwa moja kwenye mapigano ya kwanza uone kama mashine inahimili. Kenya, kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inatosha kulipia. Kwa PlayStation, vocha lazima iwe ya nchi ileile ya akaunti: ya Marekani haiingii kwenye akaunti ya Afrika Kusini. Na mwenye PS5 ya Digital isiyofungwa kisoma diski, au Xbox Series S, asinunue diski. Hazina pa kuiingiza.