215/75R15 au 235/75R15 kwenye Suzuki Jimny: ipi inalifaa gari, ipi inaligharimu

Mwenye Jimny akiingia duka la matairi anataka kujua jambo moja: aweke tairi kubwa kiasi gani bila kuliumiza gari. Muuzaji atamtolea saizi mbili, 215/75R15 na 235/75R15, na mara nyingi atamvutia kwenye ya pili kwa kuwa inajaza madigadi na gari linapendeza. Tathmini hii inazipima saizi hizo mbili kwenye Jimny JB43, ile ya injini M13A ya cc 1,328, kisha inawagusa wenye JB23 na JB74 (hizi zote ni alama za matoleo ya Jimny) kwa sababu hesabu zao si zilezile.

Kwa JB43, nunua 215/75R15 ya AT (meno ya lami na njia mbaya) na uiweke kwenye rimu ya kiwandani. Ukichagua 235/75R15, ujue umeanzisha mradi, na tairi ndiyo sehemu yake nyepesi.

Tairi la kiwandani la JB43 ni 205/70R15: 205 ni upana wake kwa milimita, 70 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 15 ni inchi za rimu. Asilimia 70 ya 205 ni milimita 143.5; zidisha mara mbili, jumlisha 381 za rimu ya inchi 15, unapata kipenyo cha milimita 668. Kwa hesabu hiyohiyo 215/75R15 ni milimita 703.5, na 235/75R15 ni 733.5. Gari linapanda kwa nusu ya tofauti, kwa hiyo saizi ya kwanza inainua difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) milimita 18 hivi na ya pili 33. Milimita 18 zinasikika chache, lakini springi ndefu huinua bodi na kuiacha ekseli palepale. Kinachoinua difu ni tairi tu, na kwenye njia yenye mgongo katikati ni difu linalogonga jiwe kwanza.

Sasa gharama yake. Tairi la 215/75 linazidi la kiwandani kwa asilimia 5.3, la 235/75 kwa asilimia 9.8, na gia zote zinakuwa nzito kwa kiasi hichohicho, zikiwemo za low, yaani zile za 4x4 za mwendo wa polepole. M13A ina toki ya Nm 110 na inaitoa mizunguko ikishafika juu, karibu 4,100. Kwa asilimia 5 dereva anazoea ndani ya wiki: mlima uliopanda na gia ya nne, sasa unashuka ya tatu mapema kidogo. Kwa asilimia 10, gia ya tano inabaki ya tambarare peke yake, na kwenye mlima kama Kitonga au ule wa Mai Mahiu ukiwa na abiria watatu na mizigo utakuta ya tatu imechoka na ya pili inapiga kelele. Klachi inateseka zaidi wakati wa kuondoka mlimani. Breki nazo zinashika gurudumu kubwa na zito zaidi kwa diski zilezile, na nyuma ni dramu.

Dashibodi nayo inadanganya. Ikionyesha kilomita 400 na umeweka lita 36, utasema gari linakula lita moja kwa kilomita 11.1. Kwa 215/75 umetembea kilomita 421, yaani 11.7 kwa lita. Wengi wanaolalamika kwamba tairi jipya limeongeza ulaji wa mafuta hawajasahihisha kilomita kwanza. Spidomita za magari mengi husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo 215/75 huisogeza karibu na ukweli. 235/75 inaweza kuipitiliza: sindano iko 50 kijijini, nawe uko juu ya 50, na tochi ya trafiki haiangalii dashibodi yako. Sevisi ya kila kilomita 5,000 nayo ifanye dashibodi ikisoma 4,750 kwa 215/75.

Kabla ya kulipa hela yoyote, kagua ekseli ya mbele. Hapa ndipo watu wanapoteza fedha. Jimny ina ekseli nzima mbele, na usukani ukianza kutetema vibaya kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa, lawama zote hutupiwa tairi jipya. Mara nyingi ulegevu ulikuwepo tangu mwanzo, tairi dogo jepesi likauficha. Tairi la LT (aina nzito ya magari ya mizigo) la 235/75R15 hufika kilo 15 hadi 17, wakati la kiwandani ni kama kilo 10. Uzito huo ukizunguka kwenye bushi zilizokwisha, kishindo kidogo cha shimo kinatosha kuuanzisha mtetemo.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Piga jeki chini ya ekseli, magurudumu ya mbele yaning'inie, weka stendi. Shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, kisha urudie. Mchezo ukipotea, ni beringi ya hab, kitovu cha gurudumu. Ukibaki palepale, ni beringi za kingpini, egemeo ambalo gurudumu hugeukia usukani ukizungushwa, na hizo ziko nne, mbili kila upande. Badilisha zote pamoja na sili zake, kwa sababu kufungua upande ni kazi ileile. Halafu shusha gari, washa injini, mtu azungushe usukani kidogo kushoto na kulia harakaharaka huku wewe umelala pembeni ukiitazama rodi ndefu inayounganisha chesi na ekseli. Mwisho wake ukihama kwenye bushi kabla ekseli haijahama, bushi imekufa. Malizia na bushi za mikono miwili inayoshikilia ekseli kwenye chesi na shokapu ya usukani: ikiwa imelowa mafuta, imeisha. Shokapu mpya ya usukani peke yake inanyamazisha mtetemo kwa miezi michache halafu unarudi. Fundi anayeanza na hiyo anaficha ugonjwa.

Rimu. JB43 inakuja na 15x5.5J, ofseti +5 (milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso wa kufungia; namba ikizidi, gurudumu linaingia ndani), matundu matano kwenye duara la milimita 139.7, tundu la kati milimita 108. Tairi la 215/75 linaruhusiwa kwenye rimu ya inchi 5.5 hadi 7, kwa hiyo rimu yako inatosha. Tairi la 235/75 linataka inchi 6 hadi 8. Watu wanalifunga kwenye 5.5 kila siku na linakaa, ila ubavu unavimba, katikati ya meno panaisha kabla ya kingo, na ukipunguza upepo mchangani tairi linachomoka kwenye rimu upesi zaidi. Ukitafuta rimu za mtumba, angalia kwamba Grand Vitara za kuanzia 2005 zina duara la 114.3 na hazikai kabisa. Usikubali kuuziwa adapta ili zikae.

Nati za Suzuki ni M12 yenye uzi wa 1.25. Za Toyota ni M12 uzi wa 1.5, na kwa macho zinafanana. Ya Toyota itaingia mizunguko miwili hivi halafu inakaza. Kijana wa gereji akiilazimisha kwa mashine ya upepo, stadi imekwisha. Anza kila nati kwa vidole. Ikigoma kabla ya mzunguko wa tatu, itoe uitazame. Kaza kwa kuvuka nyota, Nm 95 hadi 100, kisha rudia baada ya kilomita 50 hadi 100, hasa kama rimu imepakwa rangi mpya, maana rangi husagika chini ya nati na kuiachia.

Spesa za kusukuma gurudumu nje tunazikataa. Zinaongeza mzigo kwenye beringi za hab na kingpini, zilezile ulizotoka kuzibadilisha.

Gurudumu likishafungwa, tafuta linapogusa. Paka chaki nene kwenye ile mikono ya ekseli, upande unaotazama tairi, na kwenye plastiki ya ndani ya madigadi na pembe ya chini ya bampa. Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, endesha mbele kidogo na urudi nyuma, kisha kulia. Halafu pandisha gurudumu moja la mbele juu ya kizingiti cha sentimita 30 na urudie. Chaki iliyofutika inakuonyesha mahali pa tatizo. Kwa 215/75 kwenye rimu ya kiwandani na springi zisizolala, chaki kwa kawaida hubaki nzima. Kwa 235/75, mikono ya ekseli hufutika mwisho wa usukani, na plastiki hufutika ekseli ikijikunja.

Mguso wa kwenye mkono hautibiwi kwa kuinua gari. Unatibiwa kwa bolti ya kuzuia usukani iliyo kwenye nako (kipande kinachogeuka pamoja na gurudumu), kwa kuitoa nje kidogo au kuongeza washa, mpaka nafasi kati ya tairi na mkono ifike angalau milimita 10. Gharama yake ni kona pana zaidi. Mguso wa plastiki na bampa ndio unaotaka kukatwa kidogo au springi za kuinua milimita 50. Na springi hizo zina mkia mrefu: shokapu ndefu, mipira ya breki inayofika, na bushi za kurekebisha kasta, yaani mlalo wa egemeo la usukani. Ukiinua milimita 50 bila kugusa kasta, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, haurudi wenyewe baada ya kona, na gari linatangatanga kwenye lami. Gharama ya hayo yote inatosha kununua matairi mengine. Ndiyo maana 235/75 kwenye JB43 tunaipendekeza kwa mtu wa porini kila wiki, si kwa anayekwenda shamba mwisho wa mwezi.

Spea isisahaulike. Matairi yote matano yawe saizi moja. Jimny haina difu ya katikati, kwa hiyo ukiweka 4x4 huku gurudumu moja ni dogo kwa asilimia 5, ekseli mbili zinavutana na transifa, sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, inabeba mvutano huo. Ukilazimika kutumia spea ya zamani, baki 2WD, iweke mbele, na ufike gereji ya karibu tu. Spea nzito vilevile inaning'inia kwenye mlango wa nyuma: fungua mlango nusu, uinue kwa mkono upande wa kitasa. Ukipanda na kushuka, pini za bawaba zimekwisha, na kilo tano au sita za ziada kwenye barabara ya changarawe yenye mikunjo kama bati zitazimaliza.

Meno: AT inatosha kwa changarawe, mawe na lami yenye mvua. MT (meno makubwa ya tope) inafaa kwa udongo mweusi wa mbuga, kwa sababu mapengo yake hutema tope gurudumu likizungushwa, wakati AT hujaa na kuwa kama haina meno. Lakini MT kwenye lami iliyolowa inachelewa kusimama, na gari lenye urefu wa milimita 2,250 tu kati ya ekseli huzunguka upesi likiteleza. Chunguza pia namba nne za mwisho za DOT ubavuni, zinazoonyesha tairi lilitengenezwa lini: 1523 maana yake wiki ya 15 ya 2023. Soma kwenye matairi yote matano, na inama utazame karibu na mdomo wa rimu, kwa sababu tairi lililoanikwa juani mbele ya duka huanza kupasuka nyufa nyembamba kama nywele hapo.

Wenye JB23, tairi lenu ni 175/80R16, tayari lina milimita 686, na rimu ni ofseti +22. Mkichukua rimu ya inchi 15 yenye ofseti hiyohiyo na 215/75, tairi linasogea ndani na kugusa mkono. Tafuta rimu ya JB43. Nyongeza ni asilimia 2.5 tu, na kwa injini ya cc 658 hiyo inatosha. Wenye JB74, la kwenu ni 195/80R15 la milimita 693. 215/75 inawaongezea asilimia 1.5, karibu upana na meno tu. Kwenu 235/75 ni asilimia 5.8, karibu sawa na mruko wa JB43 kwenda 215/75, na injini ya cc 1,462 inaibeba vizuri kwenye gia za mkono. Otomatiki ya gia nne itahangaika zaidi mlimani. Onyo la rimu ya 5.5 linabaki palepale.

Upepo: anza na psi 26 matairi yakiwa baridi, hata kama ubavuni mmeandikwa 50. Hiyo ya ubavuni ni kikomo cha tairi la LT, na gari hili lina tani moja na kidogo tu. Tairi la LT lenye faharasa ya uzito 100 linabeba kilo 800 kila moja, kwa hiyo ukilijaza 35 linadunda kama jiwe na kukanyaga kwa katikati. Chora mstari wa chaki toka ukingo mpaka ukingo wa meno, endesha mita 50 kwenye saruji iliyonyooka, shuka utazame. Ukifutika katikati tu, toa psi 2. Ukifutika kingo, ongeza 2. Mchangani shuka mpaka 15 au 16, ukate kona taratibu, na ubebe pampu ya kurudisha upepo kabla ya kukanyaga lami tena.