Sukari guru ya Mwanga, tamu ila chuja chai
Jamani watu wa Kigoma, jana nimechukua bonge la sukari guru kwenye duka moja huku Mwanga, kama nusu kilo hivi, limefungwa kwa gazeti. Ladha sasa, we acha tu, nimevunja kipande nikatupia kwenye chai ya tangawizi harufu ikajaa nyumba nzima mpaka mama mkwe akauliza nani anapika kashata. Shida chini ya kikombe, changarawe! Nikabaki nacheka maana hili neno sukari lenyewe limepita kwa Waajemi na Waarabu likitokea Kisanskriti, ile lugha ya kale ya India, sharkara, na huko lilimaanisha changarawe pia, sasa huyu muuzaji kanipa zote mbili kwa bei moja. Hiyo guru nayo Wahindi wanaita gur, Kisanskriti guda, yaani donge, ukifika Malesia na Indonesia imeshakuwa gula na ni sukari yoyote ile hata nyeupe. Ila ukiwaambia guru watakuletea mwalimu, hilo neno lingine kabisa, la Kisanskriti hukohuko, maana yake nyingine ni kizito. Nyota tatu. Dada wa dukani hana neno, anakuonjesha kwanza.