Mfuko wa joto wa kubofya: joto lake zuri, karatasi yake ya maelezo irekebishwe

Mfuko huu nimeutumia msimu mzima wa baridi, mkononi na darasani, na nausifu bila kusita. Lililoniudhi ni moja tu, nalo limechapishwa kwenye karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya boksi. Nitafika huko.

Ni mfuko wa plastiki laini unaoenea kiganjani. Ndani mna kimiminika kisicho na rangi, na humo kinaelea kisahani chembamba cha chuma kilichobinuka kidogo. Kimiminika chenyewe ni sodiamu asetati, aina ya chumvi, iliyochanganyika na maji. Mimi ni mwalimu wa fizikia na kemia, na viungo vya vidole vyangu hukakamaa asubuhi. Kushika chaki kabla havijapata joto ni taabu tupu. Ndiyo sababu niliutafuta. Ila kwa kufundishia umevipita vifaa vingi tulivyonavyo kwenye kabati la maabara.

Ukibofya kisahani, kinalia "tik". Usiondoe macho hapo. Kwenye ukingo wa kisahani panatokea doa jeupe, dogo kuliko kichwa cha pini, na kutoka kwenye doa hilo fuwele nyembamba zinachomoza na kusambaa pande zote. Ukiweka mwanga nyuma ya mfuko unauona mstari wa mbele wa fuwele ukisonga, huku mbele yake kimiminika kikiwa bado angavu. Baada ya sekunde chache mfuko uliokuwa teketeke umekuwa mgumu, na joto limeshaanza kupenya kiganjani. Niliufunga kwenye kitambaa pamoja na kipimajoto: kutoka nyuzi 21 za Selsiasi kikapanda hadi 53, kikatulia hapo kwa muda mrefu kabla ya kuanza kushuka polepole.

Swali la wanafunzi huwa ni lile lile: "Mwalimu, hamna moto, hamna betri, hilo joto limetoka wapi?" Ni swali zuri, na jibu lake limo kwenye sufuria ya jana. Fuwele za sodiamu asetati, ambazo kila kipimo kimoja cha chumvi kimeshikana na molekuli tatu za maji, huyeyuka kwenye nyuzi 58. Ukiuchemsha mfuko hadi fuwele zote ziishe, kisha ukauacha upoe, kimiminika kinashuka chini ya nyuzi 58 bila kuganda. Kinafika joto la chumba kikiwa bado majimaji, kwa sababu hakuna hata fuwele moja ya kuanzia. Kisahani ndicho kinachotoa mwanzo huo; maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba vipande vidogo mno vya fuwele hubaki vimebanwa kwenye mikwaruzo ya chuma, na ukibofya vinaachiwa huru. Fuwele moja ikishajitokeza, nyingine zinajipanga juu yake.

Katika kule kujipanga ndiko nishati inakotoka. Ioni, yaani chembe za chumvi zenye chaji ya umeme, na molekuli za maji zilizokuwa zikizunguka huru zinavutana, zinakaa mahali pake, na ile nishati iliyokuwa imezitenganisha inatoka kama joto. Kilogramu moja ya fuwele hizi ikiganda hutoa takribani kilojuli 264. Mfuko wangu una gramu 200 hivi, maana yake ni kilojuli 50 na ushei. Kiasi hicho kingetosha kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 12 hivi. Si zote zinazofika vidoleni, kwa kuwa mfuko nao lazima ujipashe kwanza kutoka joto la chumba hadi nyuzi hamsini na kitu.

Sasa upande wa pili, ambao watu huuruka wakiona ni kazi tu ya kuosha vyombo. Mfuko uliokwisha joto unarudishwa kwenye maji yanayochemka. Hapo ndipo nimewafundishia wanafunzi wangu somo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa maneno ubaoni. Ukiweza kuingiza kipimajoto chembamba katikati ya mfuko uliokunjwa, utaona kinapanda hadi karibu na nyuzi 58, kisha kinasita. Maji nje yanatokota kwa nyuzi 100, moto unawaka, joto linaingia kila sekunde, lakini kipimajoto hakisogei mpaka fuwele ziwe zimekaribia kwisha. Joseph Black, mwanasayansi wa Uskoti, aliliona jambo hili kwenye barafu, katika miaka ya 1760 akiwa Glasgow: barafu inayoyeyuka hunywa joto jingi na kipimajoto kisionyeshe chochote. Ndilo tunaloliita joto fiche. Kwa barafu ni kilojuli 334 kwa kila kilogramu. Kwa hiyo mfuko hauzalishi kitu. Unarudisha ulichoupa jikoni, na unaweza kukaa nacho kabatini wiki nyingi kabla ya kukirudisha. Chupa ya maji ya moto haiwezi hilo. Yenyewe huanza kupoa pale pale unapoijaza.

Karatasi ya maelezo, basi. Imeandikwa hivi: "Bondi za kemikali zinapovunjika, nishati hutolewa na mfuko huzalisha joto lake wenyewe." Sentensi moja, makosa mawili, na lile la kwanza ndilo ninalopambana nalo kila mwaka kwenye madaftari. Kuvunja bondi, yaani mshikamano kati ya atomi na atomi, hakutoi nishati hata siku moja. Kuvunja hugharimu, kuunda ndiko kunakolipa. Chukua haidrojeni na oksijeni zinapoungua kuwa maji. Kutenganisha moli mbili za haidrojeni (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) kunadai kilojuli 436 mara mbili, na moli moja ya oksijeni inadai 498. Jumla 1370 zimeingia kabla hujapata chochote. Kisha zinaundwa bondi nne za oksijeni na haidrojeni, kila moja ikitoa takribani 463, jumla 1852. Tofauti ya 482 ndiyo unayoiona kama mwali na mlipuko. Mwanafunzi akishaielewa hesabu hiyo, ataelewa kwa nini kuni haziwaki zenyewe zikiwa stoo: ile gharama ya kwanza haijalipwa. Mtu akimwambia kwamba kuvunja ndiko kunatoa, kila kinachofuata kitampinda. Kosa la pili ni hilo la kuzalisha: mfuko unarudisha tu ulichopewa, na ndani yake wala hakuna mmenyuko wa kemikali kwa maana ya kitu kipya kuzaliwa. Kilichomo ni chumvi ile ile na maji yale yale, kwanza vimetawanyika na baadaye vimejipanga. Kampuni inayoweza kutengeneza kitu kizuri namna hii inaweza kumlipa mtu anayejua kemia aisome sentensi moja kabla haijachapishwa.

Kwa kulinganisha, nilinunua pia mfuko wa unga wa chuma, ule unaoufungua kwenye pakiti na kuutikisa. Humo mna chuma, chumvi, mkaa na maji kidogo, na chuma kinashika kutu kwa kasi. Huo una mmenyuko wa kweli. Gramu moja ya chuma ikiungana na oksijeni hutoa zaidi ya kilojuli 7, ilhali gramu moja ya fuwele zangu haifikishi hata theluthi ya kilojuli. Ndiyo maana unga wa chuma hukaa na joto saa nyingi na mfuko wa kubofya hauzidi saa moja ya maana. Ila ukiisha, umeisha. Hakuna sufuria ya kuurudisha, kwani kukitenga chuma na oksijeni kunataka tanuri la kiwandani. Kwa safari ndefu ya usiku ningebeba wa chuma. Kwa matumizi ya kila siku nyumbani siutaki. Sipendi kutupa mfuko kila asubuhi.

Mfuko wa baridi wa huduma ya kwanza nao niliupasua mbele ya darasa. Ndani kuna chembechembe za amoniamu naitreti au yurea, na kifuko cha maji ambacho unakipasua kwa kukiminya. Chembechembe hizo zikiyeyuka zinahitaji nishati zaidi ya ile inayorudishwa na maji yanapozizunguka. Kwa amoniamu naitreti upungufu ni takribani kilojuli 26 kwa kila moli, nao unachukuliwa kutoka kwa chochote kilicho karibu, kikiwemo kifundo cha mguu kilichoteguka. Mwanafunzi mmoja alisema baridi imemwingia mkononi. Nikamwomba aushike tena na aniambie nini kinatoka wapi kwenda wapi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Joto langu ndilo linalokwenda." Kwa sentensi hiyo tu, pesa ya ule mfuko imerudi.

Nirudi kwenye huu ninaousifu, nao una kasoro zake. Maelekezo yanasema uchemshwe dakika tano. Hazitoshi. Fuwele hujificha kwenye kona za mshono, na ikibaki moja, mfuko unaganda wenyewe ukiwa unapoa mezani na joto lote linapotea bure. Uuache kwenye maji mpaka usione weupe wowote hata ukiuinua kwenye mwanga, halafu uongeze dakika kadhaa. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, kwenye kitako chake, la sivyo plastiki itagusa chuma cha moto na mshono utalegea. Usiuweke kabisa kwenye maikrowevu, kwa sababu ya kile kisahani. Kisahani chenyewe huchoka: wangu sasa hudai kubofywa mara mbili tatu ndipo kianze. Na ukiubeba mfukoni pamoja na funguo, utabofyeka wenyewe njiani.

Jingine ni usalama, ambalo karatasi ile imeligusa kwa mstari mmoja wa maandishi madogo. Nyuzi 54 juu ya ngozi tupu zinaunguza zikikaa. Ufungwe kitambaa kila mara, hasa kwa mtoto, mzee, au mwenye kisukari ambaye ganzi ya miguu inaweza kumzuia asisikie moto. Kwa mtu wa namna hiyo, upime mwenyewe kwenye mkono wako kwanza, na usimwache alale nao.

Wauzaji wana saizi mbili. Ndogo inapoa kabla vidole havijalainika; chukueni kubwa.