Uzoefu wangu: ultrasaundi na mazoezi ya shingo kwa kichanga aliyetoka uvimbe, Mtwara

Naandika kwa wamama wenzangu wa huku kusini, maana nilipokuwa natafuta mtu aliyepitia hili sikumpata, wengi wanaongelea watoto wakubwa wenye matezi. Huduma zenyewe ni mbili, ultrasaundi ya shingo na kliniki ya mazoezi tiba kwa kichanga, zote nimezipata hapahapa Mtwara mjini, Dar sijaenda.

Mwanangu alizaliwa kwa kutanguliza matako, alitoka kwa shida ila akalia vizuri na tukarudi nyumbani salama. Kwenye wiki ya tatu hivi namuogesha nikakuta upande wa kulia wa shingo kuna kitu kigumu chini ya ngozi, ukubwa wa korosho iliyobanguliwa, hakina joto, hakina wekundu, ukikigusa mtoto wala hashtuki. Alaf kichwa chake kilikuwa kinaegemea kulia ila kidevu kinaangalia kushoto, ukimgeuza anarudi vilevile.

Basi bwana kila mtu akawa dokta. Mama mkwe alikuja toka Newala akasema matubwitubwi hayo, jirani akasema tezi achanjwe, bibi mmoja wa Chikongola akataka amchue na mafuta ya nazi kwa nguvu mpaka kiyeyuke. Nikamwambia mama mkwe, mama naomba tumpime kwanza, tukishajua ni nini ndo utanielekeza, akakubali shingo upande, na mjukuu naye shingo upande, tukapanda bajaji.

Zahanati ya kwanza jina lake silitaji. Waliandika antibayotiki ya maji bila hata kumshika mtoto shingo. Sikuinunua, nikaomba rufaa ya kumuona dokta wa watoto.

Dokta wa watoto alimpapasa taratibu, akauliza mtoto alizaliwaje, akasema nahisi ni msuli huu ila tupige ultrasaundi tuwe na uhakika. Kumuona yeye sikulipa, hospitali za serikali sera ni bure kwa watoto chini ya miaka mitano, ila ultrasaundi nikaenda binafsi kwa sababu ya foleni, na minada ya korosho ilikuwa bado haijaanza kwa hiyo hela sikuwa nayo, dada yangu ndo aliniokoa hapo.

Ultrasaundi naipa alama zote. Hakuna sindano, hakuna dawa ya usingizi, haina mionzi, ni jeli ya baridi tu mtoto akalia kidogo, nikamnyonyesha akatulia. Mpimaji alimgeuza kichwa huku na huku akanionyesha kwenye skrini ule uvimbe unakwenda pamoja na msuli, yani ni msuli wenyewe umenenepa katikati, sio maji wala tezi. Nikamuuliza je ingekuwa kitu kingine, akasema uvimbe wa katikati ya shingo unaopanda mtoto akimeza unaleta wazo lingine, na ule laini wa maji ambao ukiumulika tochi unang'aa ni habari nyingine, na matezi ya maambukizi nayo yana sura yake kwenye picha. Ndo maana mi nasema kuchanja kitu hujakijua ndani kina nini ni hatari, unaweza ukachanja mfuko wa maji au jipu.

Walichonikera ni ripoti. Imeandikwa fibromatosisi koli, yani ndo huo huo msuli wa shingo ulionenepa, na hamna mstari hata mmoja wa kumwelewesha mzazi, mtu ukiiona unawaza kansa moja kwa moja. Dokta ndo akanituliza kwamba sio kansa, hakuna kukata wala kutoa kinyama cha kupima, wengi huisha ndani ya miezi kadhaa mpaka mwaka kwa mazoezi. Akamkagua na nyonga, kwa sababu watoto wa namna hii wengine nyonga zinakuwa hazijakaa sawa.

Kliniki ya mazoezi sasa. Mtaalamu anajua kazi yake sana, tatizo muda, mnachanganywa na wazee waliopata kiharusi na vijana wa bodaboda waliovunjika, ukifika zamu yako anakuonyesha harakaharaka. Mi niliomba nimrekodi kwa simu akakubali, hiyo video ndo imenisaidia. Kwa wangu mwenye uvimbe wa kulia, unashika bega la kulia lisinyanyuke, unalaza kichwa pole pole sikio la kushoto liende bega la kushoto, unahesabu mpaka kumi, unaachia. Alaf zoezi la pili unageuza kidevu kielekee kulia. Mtoto akikaza unasubiri, hakuna kulazimisha. Nikawa nafanya kila nikibadilisha nepi, na kitandani namlaza ili sauti yangu na mwanga wa dirisha viwe kulia kwake, ajigeuze mwenyewe, na akiwa macho namlaza kifudifudi huku namwangalia. Mama mkwe naye kajifunza, siku hizi ananikumbusha yeye, na ile habari ya kuchua kwa nguvu hatuisikii tena.

Uvimbe uliongezeka kidogo mwanzoni hata baada ya kuanza mazoezi, hapo nilipata wasiwasi nikarudi, wakasema wiki za mwanzo unaweza kukua kabla ya kusinyaa. Saivi anakaribia kukaa, ukitafuta kwa vidole unakuta kama kamba nyembamba tu na kichwa kinageuka pande zote.

Ila kama wa kwako una joto au wekundu, unakua siku hadi siku, mtoto anakoroma akipumua, anashindwa kunyonya, au uko juu kidogo ya mfupa wa bega kwa mbele, usingoje siku ya kliniki, nenda moja kwa moja hospitali kubwa, Ligula au ile ya kanda pale Mitengo, na wa Lindi nendeni Sokoine.

Nyota nne kati ya tano kwa ujumla, moja nimeinyima sababu ya ile ripoti. Kliniki ya mazoezi mie nilipokwenda hawafungui wikiendi, wahini asubuhi, mbebe kadi ya kliniki na khanga ya kumlazia mtoto kwa sababu kitanda chao ni plastiki baridi.