Matone ya Vitamini D kwa Mtoto Njiti: Dawa Nzuri, Dropa ya Kubahatisha

Binti yetu alizaliwa mimba ikiwa na wiki 31, na siku tuliyoruhusiwa kutoka wodini tuliandikiwa matone ya vitamini D, yuniti 400 kwa siku. Tumekwisha kutumia chupa za kampuni mbili, na malalamiko yangu yanahusu ile ya kwanza.

Dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Ni mafuta mepesi yasiyo na harufu, na mtoto huyameza bila kukunja uso. Haja yake nayo inaeleweka: akiba ya vitamini D na kalsiamu humfikia mtoto hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ambayo njiti huikosa, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana vitamini hiyo kidogo mno. Jua la Dar es Salaam ni kali, lakini mtoto wa kilo moja na nusu anayeshinda kafungwa kifuani mwa mama yake halioni.

Shida ni dropa. Imechorwa mistari mitatu isiyo na namba hata moja, ilhali karatasi iliyomo ndani ya boksi inasema yuniti 400 ni nusu mililita. Nilipoijaza hadi mstari wa juu, kisha nikahamishia dawa kwenye sirinji, nilikuta mililita nzima, yaani dozi ya siku mbili. Vitamini D haitoki mwilini upesi. Ikizidi hupandisha kalsiamu katika damu, mtoto akatapika, akakataa kunyonya, hata figo zikaumia. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu dropa za namna hii mwaka 2010, ikishauri zisipime zaidi ya yuniti 400.

Boksi limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba dawa "hujenga kinga". Ni kweli seli za kinga zina vipokezi vya vitamini D na huitumia kutengeneza protini zinazoua vijidudu, lakini kingamwili ambazo mama humpa mtoto kupitia kondo la nyuma mwishoni mwa mimba hazirudishwi na tone lolote. Lingeandikwa "mifupa", nisingekuwa na neno.

Chupa ya pili ni ghali zaidi, ila ina sirinji yenye namba, nasi tumebaki nayo. Ile ya kwanza niliirudisha dukani. Mfamasia aliinua dropa kwenye mwanga, akaigeuza mara mbili, kisha akaniuliza mimi mstari wa katikati ni wa ngapi.