Dawa ya pareto kwenye matikiti: vidukari walikufa, na nyuki wangu pia

Nalima matikiti maji hapa Manyoni, na pembeni ya shamba nina mizinga 8. Msimu uliopita vidukari walivamia mpaka majani yakajikunja. Dukani nikauziwa dawa ya pareto, hii inayolimwa Iringa na Mbeya. Muuzaji akaniambia, "Hii ni ya asili, kaka, imetoka kwenye maua. Nyuki haiwadhuru." Nikamwamini.

Nikapuliza saa 3 asubuhi, maua yakiwa wazi. Vidukari walianguka palepale, hilo silikatai. Lakini kufika saa 5 nyuki walikuwa wamelala chini ya mimea, wengine wakijizungusha chali wasiweze kuinuka. Jioni nikakuta mbele ya mizinga 2 maiti zimetapakaa. Nililia. Nyuki hao nimewafuga miaka.

Pareto hupiga mishipa ya fahamu ya mdudu yeyote inayemgusa, haijui huyu ni kidukari na huyu ni nyuki. Nafuu yake ni kwamba jua huivunja upesi, haikai shambani siku nyingi. Kwa hiyo sasa napuliza giza likishaingia, nyuki wamesharudi mzingani. Na ua la tikiti huishi siku moja tu: hufunguka asubuhi, alasiri limefunga. Maua ya kesho, usiku huu bado ni vitumba. Tangu nibadili saa, sijaokota tena nyuki waliokufa.

Nimejaribu pia mafuta ya mwarobaini. Hayana haraka, mdudu hufa taratibu kwa kushindwa kula na kujibadili ngozi, nami nilirudia mara 3 ndipo nikaona tofauti. Nyuki akiyagusa yakiwa yamekauka hapati shida kubwa, ila hayo nayo siyapulizi juu ya ua lililo wazi. Siku hizi naanza na mwarobaini, pareto ni akiba.

Hasara ya asubuhi ile niliiona kwenye mavuno. Ua jike lisipotembelewa na nyuki vya kutosha, tunda hupinda, upande mmoja unasinyaa. Nilipata mengi ya hivyo, na wanunuzi waliyaacha shambani.

Kwa kuua vidukari naipa nyota 3 kati ya 5. Nyingine 2 nimezizuia kwa sababu onyo la nyuki lipo nyuma ya chupa, kwa Kiingereza, herufi kama chembe za mchanga. Watengenezaji, lileteni mbele, kwa Kiswahili, na mtaje saa ya kupuliza.