Duka la mtandaoni kwa simu moja: uzoefu wangu wa kuchagua jukwaa nikiwa Kariokor

Nilianza kutafuta jukwaa la duka la mtandaoni baada ya kuuza kiondo kimoja kwa wateja wawili. Kilikuwa kiondo cha makonge chenye mistari ya rangi ya kutu na mkanda wa ngozi, na kama vyondo vyote vinavyosukwa kwa mkono, hakikuwa na pacha wake. Mteja wa kwanza alikiagiza asubuhi kwa WhatsApp akalipa papo hapo. Wa pili alikiona Instagram, naye akalipa saa sita mchana, kabla wifi yangu, ambaye ndiye mwenzangu katika biashara hii, hajapata nafasi ya kuniambia kwamba kilikwisha kwenda. Nilirudisha pesa na kuomba radhi, lakini mteja yule sijamsikia tena.

Tunauza makubadhi ya ngozi na vyondo katika soko la Kariokor. Tuko wawili tu, na kompyuta yetu moja inakaa nyumbani, kwa hiyo kazi yote ya mchana hufanywa kwa simu. Nayataja haya mapema kwa sababu mapitio mengi niliyosoma yalisifu jinsi duka linavyofunguliwa kwa urahisi, ilhali mimi shida yangu ilikuwa jinsi litakavyoendeshwa kila siku. Nikajiwekea kipimo kimoja: je, wifi akiwa amesimama kibandani, mteja yuko mbele yake anajaribu makubadhi ya namba 39, anaweza kuipunguza jozi hiyo kwenye stoki ya mtandaoni kabla mteja hajaondoka?

WhatsApp Business, iliyozinduliwa mwaka 2018, ndiyo tuliyokuwa tukiitumia. Katalogi yake haina malipo, inapokea picha na bei, na wateja wa Nairobi wameizoea kiasi kwamba hakuna anayehitaji kuelekezwa. Hata hivyo haihesabu mali. Kiondo kilichouzwa hubaki kikionekana hadi mtu akumbuke kukiondoa, na kukumbuka ndiko kulikotushinda. Bado tunaitumia kwa mazungumzo, na sioni siku tutakayoiacha.

Jaribio la pili lilikuwa WooCommerce, programu huria ya duka inayofanya kazi juu ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti. Nilivutiwa na neno “bure”, na ni kweli kwamba programu yenyewe hailipiwi. Unacholipia ni jina la tovuti, nafasi kwenye seva, na fundi wa kuviunganisha. Duka lilipokamilika lilipendeza, na lilikuwa na uhuru ambao sijauona kwingineko: ungeweza kubadilisha kila kitu. Tatizo ni kwamba kila kitu pia kilikuwa jukumu lako. Programu-jalizi, yaani programu ndogo zinazoongezwa kwenye tovuti, zilitaka kusasishwa, nakala za akiba zilitaka kuhifadhiwa, na mimi sikuwa nimefanya lolote kati ya hayo mawili kwa miezi kadhaa. Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, siku ambayo huwa tunauza kuliko siku zote, ukurasa wa malipo ukagoma baada ya kusasisha programu-jalizi moja. Kampuni iliyohifadhi tovuti yetu ilijibu Jumatatu. Fundi aliyetutengenezea hakupatikana, na hapo ndipo nilipogundua jambo lililonikera zaidi: jina la tovuti, lile la .co.ke nililolilipia mwenyewe, lilikuwa limesajiliwa kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Tulilirejesha baada ya kubembelezana kwa wiki tatu. Yeyote anayemwajiri fundi na amtake atumie jina na barua pepe ya mwenye biashara tangu siku ya kwanza, kabla hata ya kuzungumzia rangi za ukurasa.

Simlaumu aliyebuni WooCommerce kwa lolote kati ya hayo. Kama una kijana katika familia anayejua kazi hiyo na anayeshika simu yake usiku, huenda ndilo chaguo bora kwako. Sisi hatuna.

Sasa tunatumia Shopify, na tumekaa nayo mwaka mmoja na miezi kadhaa. Ni kampuni ya Kanada, na tofauti yake na ile ya awali ni kwamba seva, usalama na usasishaji ni kazi yao. Wewe unalipa kila mwezi na kuuza. Kipimo changu ilikipita. Wifi hufungua programu kwenye simu, anagusa bidhaa, anagusa namba 39, anabadilisha 4 kuwa 3, na mteja bado anafunga kamba za kiatu. Kiondo ambacho kipo kimoja tu kikishauzwa, ukurasa wenyewe huandika kwamba kimekwisha bila sisi kufanya chochote. Tangu tuhamie huko hatujauza kitu kimoja mara mbili, na kwangu hilo peke yake limelipa gharama.

Gharama zenyewe, hata hivyo, si za kupuuza, na sehemu ya malipo ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kwa makini na mfanyabiashara wa Kenya. Huduma ya Shopify yenyewe ya kupokea malipo haipatikani nchini, hivyo unalazimika kuunganisha wakala wa malipo wa hapa nyumbani ili wateja walipe kwa M-Pesa na kwa kadi. Kwa kuwa hutumii huduma yao, katika mpango wa malipo ya mwezi uitwao Basic wanakata asilimia 2 ya kila mauzo, na wakala naye anakata yake. Kwenye makubadhi ya shilingi 2,000 hiyo asilimia 2 ni shilingi 40, ambazo ni karibu bei ya chai na andazi. Nimeziingiza kwenye bei. Ada ya kila mwezi nayo hutozwa kwa dola. Mimi huilipa kwa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay kwa kuwa sina kadi ya mkopo, nami huhakikisha siku mbili kabla kwamba salio linatosha, maana thamani ya shilingi haikai mahali pamoja.

Je, malipo ya kujiendesha yana thamani hiyo? Kabla ya hapo mteja alikuwa akiingiza nambari yetu ya till mwenyewe, kisha anatutumia ujumbe wa uthibitisho. Siku moja wifi alipokea ujumbe uliokuwa na kila kitu: msimbo wa herufi na tarakimu 10, kiasi, tarehe na saa. Akamkabidhi mwendesha bodaboda mzigo wa jozi mbili. Jioni, tulipolinganisha na taarifa ya till, msimbo ule haukuwepo. Ujumbe ulikuwa wa kughushi, na mwendesha bodaboda alikuwa ameshauacha mzigo kwenye lango la ghorofa fulani. Sasa ombi la kulipa hutokea lenyewe kwenye simu ya mteja, yeye anaweka PIN tu, na oda haiandikwi kuwa imelipwa hadi pesa ziwe zimeingia. Wifi haamui tena nani wa kuaminiwa, na ameniambia hilo ndilo lililompunguzia mzigo kuliko yote.

Jambo dogo lililonichukua muda ni anwani. Fomu za majukwaa ya kigeni hudhani kwamba kila mtu anaishi katika nyumba yenye namba na mtaa wenye jina. Wateja wetu walijaza 00100 kwenye nafasi ya msimbo wa posta, hata walio Rongai, kisha wakaishia hapo, nasi tukawa tunapiga simu kuuliza. Niliingia katika mipangilio ya lugha, nikabadilisha maandishi ya mstari wa pili wa anwani yasomeke “Alama ya karibu (kanisa, shule, kituo cha mafuta)”. Simu za kuulizana njia zimepungua sana. Kwa oda za nje ya Nairobi nimeweka chaguo moja tu, mzigo kwa matatu hadi ofisi ya sacco mjini kwa mteja, kwa ada isiyobadilika.

Ninachokosa bado ni huduma ya wateja kwa Kiswahili. Maelezo yote ni Kiingereza, na wifi, ambaye anapenda kusoma kitu mara mbili kabla ya kukigusa, hulazimika kunisubiri mimi. Nimemwandikia hatua saba kwenye karatasi, tukaibandika ndani ya mlango wa kabati la kibandani, juu ya sindano za kushonea. Hatua ya sita amekwisha kuisahihisha kwa kalamu yake, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeikosea.